Jinsi ya Kusoma Wafalme wa Israeli na Yuda Bila Kupotea: Mwongozo Kamili

Maswali ninayoulizwa kuhusu vitabu vya Wafalme yanafanana mno. Mtu anaanza vizuri na Sulemani, anavuka mgawanyiko wa ufalme, kisha akifika 1 Wafalme 15 anakutana na Abiyamu, Asa, Nadabu na Baasha ndani ya sura moja. Kuanzia hapo hajui tena nani ni wa kaskazini na nani wa kusini. Wengine huvumilia hadi mwisho, lakini wakijumlisha miaka, hesabu inakataa. Wananyamaza, wakihofu kwamba wakiuliza wataonekana wana imani haba.

Kuuliza si dhambi, na kazi yenyewe inawezekana. Mwongozo huu unahusu kipindi kimoja tu: tangu ufalme ulipogawanyika, karibu mwaka 931 KK, hadi Yerusalemu ilipoteketezwa mwaka 586 KK. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Anayeruka hatua ya kwanza na ya pili ndiye anayekwama kwenye ya nne.

## Vinavyohitajika

- Biblia yenye marejeo pembeni. Mistari ninayotaja hapa inafuata Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile iliyozoeleka makanisani. Ukiwa na tafsiri ya pili, iweke karibu.
- Daftari kubwa la kurasa pana. Daftari dogo la shule litakubana.
- Rula, penseli na kifutio. Miaka yote iandikwe kwa penseli, isipokuwa tarehe chache za Hatua ya 3, na sababu utaiona mbele.
- Kalamu za rangi mbili, moja ya Yuda, ufalme wa kusini, na nyingine ya Israeli, ufalme wa kaskazini.
- Ramani ya nchi za Biblia inayoonyesha Samaria, Yerusalemu, Dameski, Moabu, Ninawi, Babeli na Misri.
- Itifaki ya Biblia, ya kitabu au ya kwenye simu, ya kutafutia majina.

Kitabu cha ufafanuzi kiache kwanza. Ukikifungua mapema utanakili majibu ya mwenzio kabla hujaliona swali.

## Hatua ya 1: Chora jedwali la safu nne

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Gawanya safu nne: Yuda, Israeli, Manabii, Mataifa.

Safu ziwe sambamba kwa sababu mwandishi wa Wafalme hasimulii ufalme mmoja hadi mwisho ndipo aanze wa pili. Anamfuata mfalme mmoja mpaka anapozikwa, kisha anarudi nyuma kuwachukua wote wa upande wa pili walioanza kutawala katika siku zake. Asa wa Yuda alitawala miaka 41. Baada ya kusimulia kifo chake katika 1 Fal 15:24, mwandishi anarudi hadi mwaka wa pili wa Asa kumchukua Nadabu, kisha Baasha, Ela, Zimri, Omri na Ahabu. Wote hao waliingia madarakani Asa akiwa bado hai. Asiyejua hilo hudhani Ahabu alitawala miaka mingi baada ya Asa kufa.

Sasa pitia kuanzia 1 Fal 12 hadi 2 Fal 25 kwa haraka, ukiokota tu mistari ya kuingilia, yaani ile inayomtambulisha kila mfalme. Mistari hiyo ina umbo moja: mwaka wa mfalme wa upande wa pili, miaka aliyotawala, na hukumu ya mwandishi. Kwa wafalme wa Yuda mara nyingi huongezwa umri na jina la mama. Tazama 2 Fal 18:1-3: Hezekia alianza mwaka wa tatu wa Hoshea, akiwa na miaka 25, akatawala miaka 29, mama yake Abi binti Zekaria, akafanya yaliyo mema machoni pa Bwana. Vipande vyote hivyo viingie kwenye safu yake, pamoja na namba ya mstari. Usiandike jambo lolote bila namba ya mstari, kwa maana utarudi kulitafuta.

Tahadhari. Athalia (2 Fal 11) hana mistari ya kuingilia. Mwandishi anasema tu kwamba alitawala, akapita. Mpe mstari wake katika safu ya Yuda lakini umzungushie duara, kwa kuwa hakuwa wa nyumba ya Daudi. Tibni (1 Fal 16:21-22) alifuatwa na nusu ya watu tu. Mwandike pembeni ya Omri.

Utajuaje umefaulu? Safu ya Israeli iwe na wafalme 19, na ya Yuda 20 ukimhesabu Athalia. Ukipata pungufu, tafuta kwanza Zimri wa siku saba na Shalumu wa mwezi mmoja, ambao husahaulika sana. Kisha tazama jedwali lote kwa pamoja. Upande wa Israeli kuna nyumba tisa za kifalme, na wafalme saba waliuawa na watu waliokalia viti vyao. Upande wa Yuda, ukimtoa Athalia, nyumba ni moja kuanzia juu hadi chini. Soma ahadi ya 2 Samweli 7 ukiwa na jedwali hilo mbele yako. Utaona kwa macho jambo ambalo mahubiri mengi hulitaja kwa maneno tu.

## Hatua ya 2: Tenganisha majina

Hapa ndipo wengi hupotea. Kuna watu wawili wenye jina moja, na kuna mtu mmoja mwenye majina mawili.

Watu wawili, jina moja:

- Yeroboamu. Wa kwanza ni mwana wa Nebati, aliyeweka ndama za dhahabu Betheli na Dani. Wa pili ni mwana wa Yoashi (2 Fal 14:23), aliyekuja zaidi ya miaka mia moja baadaye.
- Ahazia. Wa Israeli ni mwana wa Ahabu, aliyeanguka dirishani. Wa Yuda ni mwana wa Yehoramu na Athalia. Huyu wa pili ni mpwa wa yule wa kwanza, kwa hiyo usishangae kuona jina limerudi.
- Yehoramu au Yoramu. Hawa ndio wagumu kuliko wote, kwani walitawala wakati mmoja, mmoja Samaria, mji mkuu wa Israeli, na mwingine Yerusalemu, mji mkuu wa Yuda, tena walikuwa mashemeji. Biblia huwaita kwa namna zote mbili. Usiandike jina bila ufalme wake.
- Yehoashi au Yoashi. Wa Yuda alifichwa nyumbani mwa Bwana miaka sita. Wa Israeli alimlilia Elisha kitandani (2 Fal 13:14).
- Yehoahazi. Wa Israeli ni mwana wa Yehu, wa Yuda ni mwana wa Yosia.

Mtu mmoja, majina mawili: Uzia ni Azaria. Abiya ni Abiyamu. Yehoyakimu ni Eliakimu. Yehoyakini ni Yekonia, na Yeremia humwita pia Konia. Sedekia ni Matania. Kwa wageni, Puli wa 2 Fal 15:19 ndiye Tiglath-pileseri wa 15:29.

Mpe kila pacha alama yake: baba yake, au tukio moja lisilosahaulika. Ukiweza kufunga daftari na kumweleza mwenzako tofauti ya Yoramu wawili bila kusitasita, endelea. Ukisita, rudia. Usione aibu, maana hatua zote zinazofuata zinaitegemea hii.

## Hatua ya 3: Simika tarehe chache zisizotikisika

Biblia haitoi miaka ya KK. Inahesabu kwa mfalme: mwaka wa kumi na nne wa Hezekia, mwaka wa kumi na nane wa Yosia. Ili uiunganishe na kalenda yetu unahitaji tukio linalojulikana pande zote mbili.

Waashuru walitunza orodha ya maofisa, kila mwaka ukiitwa kwa jina la ofisa mmoja. Penye mwaka mmojawapo wameandika kwamba jua lilipatwa. Wataalamu wa nyota wamekokotoa siku hiyo: 15 Juni 763 KK. Kuanzia hapo orodha nzima inahesabika mbele na nyuma, na wafalme wa Israeli waliotajwa na Waashuru wanapata miaka yao.

Andika hizi kwa wino, katika safu ya Mataifa:

- 853 KK: vita vya Qarqar. Mfalme Shalmaneser III wa Ashuru anamtaja Ahabu kati ya wapinzani wake.
- 841 KK: Yehu anampelekea Shalmaneser III kodi.
- 722 KK: Samaria inaanguka.
- 701 KK: Senakeribu anaivamia Yuda.
- 605 KK: Nebukadneza anawapiga Wamisri huko Karkemishi (Yer 46:2).
- 597 KK: Yerusalemu inajisalimisha kwa Babeli. Kumbukumbu za Kibabeli zinatoa hata siku, ambayo kwa kalenda yetu ni 16 Machi.
- 586 KK: Yerusalemu na hekalu vinateketezwa. Wapo wanaohesabu 587.

Hizi saba zinatosha. Usijaze tarehe nyingine kutoka kwenye chati za mtandaoni. Chati hizo hutofautiana mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine kumi, na ukizichanganya hutajua tena kosa limetoka wapi.

## Hatua ya 4: Jumlisha miaka, na ujue kwa nini inakataa

Hatua hii naomba uifanye kwa utulivu, siku ambayo hakuna wa kukuharakisha.

Yehu aliwaua Yoramu wa Israeli na Ahazia wa Yuda katika pigo moja (2 Fal 9). Falme zilikuwa zimegawanyika siku moja na wafalme hao wawili walikufa pamoja. Kwa hiyo jumla ya miaka ya pande mbili ingepaswa kuwa sawa. Jumlisha.

Israeli: Yeroboamu 22, Nadabu 2, Baasha 24, Ela 2, Zimri siku 7, Omri 12, Ahabu 22, Ahazia 2, Yoramu 12. Jumla 98.

Yuda: Rehoboamu 17, Abiya 3, Asa 41, Yehoshafati 25, Yehoramu 8, Ahazia 1. Jumla 95.

Hazilingani. Tena tangu karibu 931 KK hadi 841 KK ni miaka 90 tu. Hapo ndipo mtu hufunga kitabu. Usifunge. Soma mistari miwili.

1 Fal 15:25 inasema Nadabu alianza mwaka wa pili wa Asa, akatawala miaka miwili. 1 Fal 15:28 inasema Baasha alimwua mwaka wa tatu wa Asa. Tangu wa pili hadi wa tatu ni mwaka mmoja, lakini umeitwa miwili. Mwandishi hakukosea. Katika Israeli, sehemu ya mwaka ambayo mfalme alikalia kiti ilihesabiwa kuwa mwaka wake wa kwanza, hata kama ni miezi michache, na mfalme aliyekufa mwaka huohuo naye amekwisha kuuhesabu. Mwaka mmoja umehesabiwa mara mbili.

Basi toa mwaka mmoja kwa kila mfalme wa Israeli, ukimwacha Zimri wa siku saba. Ni wafalme 8. Jumla ya 98, ukitoa 8, inabaki 90. Hesabu imekaa.

Yuda mwanzoni walihesabu kwa namna nyingine. Miezi ya kwanza ya mfalme mpya iliachwa kwenye mwaka wa marehemu, na mwaka wake wa kwanza ukaanza mwaka mpya ulipoingia. Kwa hiyo Rehoboamu, Abiya na Asa hawapunguzwi. Yehoshafati anaelezwa na wataalamu wengi kuwa alianza kutawala pamoja na baba yake katika miaka ya mwisho ya Asa, aliyekuwa na ugonjwa wa miguu tangu mwaka wake wa 39 (2 Nya 16:12). Miaka kama 3 kati ya 25 yake imo ndani ya ile 41 ya Asa. Inabaki 22.

Kisha Yehoramu wa Yuda, aliyeoa katika nyumba ya Ahabu, anaonekana kuchukua hesabu ya kaskazini. Nane inakuwa saba, na mmoja wa Ahazia unakuwa sehemu ya mwaka tu. Jumlisha tena: 17, 3, 41, 22, 7. Ni 90.

Kuna ushahidi wa badiliko hilo ndani ya kitabu chenyewe? Upo. 2 Fal 8:25 inasema Ahazia wa Yuda alianza mwaka wa kumi na mbili wa Yoramu. 2 Fal 9:29 inasema mwaka wa kumi na moja. Watu wengi huichukua mistari hiyo miwili kama silaha ya kuishambulia Biblia. Kwa mtu mwenye jedwali ni zawadi: namna mbili za kuhesabu zimeachwa pamoja, umbali wa sura moja, na mwandishi hakuzifuta ili zilingane.

Namna hiyohiyo inafungua Danieli 1:1, inayosema mwaka wa tatu wa Yehoyakimu, na Yeremia 25:1, inayosema wa nne ndio wa kwanza wa Nebukadneza. Weka zote mbili kwenye jedwali na ujaribu mwenyewe.

Tahadhari. Kutawala pamoja kwa baba na mwana si kisingizio cha kuvuta kila hesabu ikae. Mahali pengine Biblia inaonyesha wazi, kama Yothamu aliyeisimamia nyumba ya mfalme baba yake Uzia alipopata ukoma (2 Fal 15:5). Mahali pengine ni pendekezo la wasomi. Andika *wazi* au *pendekezo* pembeni ya kila moja.

Utajuaje umefaulu? Unaweza kumwonyesha mtu mwingine zile 98 na 95 zinavyofika 90, ukimwekea kidole kwenye mistari.

## Hatua ya 5: Yaweke mawe kando ya maandiko

Sasa rudi kwenye safu ya Mataifa. Kwa kila kitu unachosikia kimefukuliwa, dai mambo matatu: kilipatikana wapi, mwaka gani, na sasa kiko wapi. Habari isiyo na majibu hayo iache. Video za magurudumu ya magari ya Farao chini ya bahari zimezunguka miaka mingi kwenye vikundi vya makanisa, na hakuna gurudumu lililowekwa mbele ya wataalamu likachunguzwa. Imani yetu haihitaji kushikiliwa na vitu vya namna hiyo, hasa wakati vya kweli vipo tele.

Anza na nyumba ya Omri, kwa maana ndiyo yenye mawe mengi:

- Jiwe la Mesha, lilipatikana 1868 huko Dhiban, Jordan, na liko Louvre, Paris. Mesha wa Moabu anasema Omri aliitesa Moabu na kwamba yeye mwenyewe ameikomboa. Lisome pamoja na 2 Fal 3.
- Jiwe la Kurkh, liko British Museum, London. Shalmaneser III anaorodhesha majeshi ya Qarqar na kumpa Ahabu magari 2,000 na askari 10,000. Biblia haisemi neno kuhusu vita hivyo.
- Mnara mweusi wa Shalmaneser III, ulipatikana Nimrud mwaka 1846, nao uko London. Unaonyesha mtu anasujudu hadi uso unagusa ardhi, na maandishi yanamtaja Yehu, yakimwita mwana wa Omri. Yehu ndiye aliyeiangamiza nyumba hiyo. Kwa Mwashuru, Israeli ilikuwa bado nchi ya Omri.
- Jiwe la Tel Dan, lilipatikana 1993 kaskazini mwa Israeli. Mfalme wa Shamu anajisifu kuwashinda adui zake, na yametajwa humo maneno "nyumba ya Daudi".

Sasa fanya hesabu ndogo. Ahabu alikuwa hai 853. Yehu alilipa kodi 841. Kati yao ni miaka 12. Biblia inaweka hapo Ahazia miaka 2 na Yoramu 12, jumla 14, nawe unajua sasa kwamba kila mmoja anapunguzwa mwaka. Inabaki 12 kamili. Maana yake Ahabu alikufa Ramoth-gileadi mwaka uleule wa Qarqar, na Yehu alipeleka kodi karibu mara tu alipotwaa kiti.

Tahadhari. Jiwe nalo lina mwenyewe. Mfalme aliyelipa fundi alitaka asifiwe. Usiliamini jiwe kwa sababu ni jiwe, na usilipuuze kwa sababu ni la mpagani. Uliza limeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na limenyamazia nini.

## Hatua ya 6: Tafuta kipimo cha mwandishi wa Biblia

Ukishaona mawe, swali litakujia lenyewe. Omri aliyejulikana hadi Ninawi, aliyenunua kilima kwa Shemeri na kujenga Samaria, mbona amepewa mistari minane tu (1 Fal 16:21-28)? Yeroboamu wa pili alitawala miaka 41 na kurudisha mipaka ya Israeli, mbona amepewa mistari saba (2 Fal 14:23-29)? Na kwa nini mjane mmoja wa Sarepta na unga wake amepewa karibu robo tatu ya sura?

Jibu liko katika Kumbukumbu la Torati 17:14-20. Soma polepole. Mfalme asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijiongezee sana fedha na dhahabu, naye ajiandikie nakala ya torati aisome siku zote za maisha yake. Hicho ndicho kipimo. Kisha soma 1 Fal 10:14 hadi 11:3 ukiwa na penseli mkononi: talanta 666 za dhahabu kwa mwaka, farasi kutoka Misri, wake 700 na masuria 300. Mwandishi hajasema neno la kumlaumu Sulemani kuhusu dhahabu na farasi. Ameziweka tu, akijua kwamba msomaji wa Kumbukumbu atahesabu.

Kwa sababu hiyo, kusoma historia kwa jicho la Biblia si kuchukua historia ya kawaida na kubandika mistari juu yake. Ni kukubali kwamba mwandishi huyu anapima ufalme kwa agano. Vita, majengo na biashara anavijua, na mara kwa mara anakuelekeza kwenye kitabu cha tarehe cha wafalme ukasome huko. Yeye ana jambo lingine la kukuambia.

Kwa kila mfalme, jaza mambo haya katika daftari: Alifanya nini na mahali pa juu, yaani vilimani watu walipotolea dhabihu? Alimsikiliza nabii gani, au alimkataa nani? Maskini walikuwaje katika siku zake? Swali la mwisho mara nyingi halijibiwi na Wafalme. Utalijibu kwa manabii. Enzi ya Yeroboamu wa pili inafunguka ukisoma Amosi, aliyewaona watu wakilala kwenye vitanda vya pembe na mwenye haki akiuzwa kwa fedha.

Linganisha pia na Mambo ya Nyakati. Manase wa 2 Fal 21 ni mwovu hadi mwisho. Manase wa 2 Nya 33 anafungwa minyororo, anapelekwa Babeli, anajinyenyekeza, anarudishwa. Usikimbilie kuwachanganya wakawa hadithi moja. Wafalme anaeleza kwa nini Yuda ilikwenda uhamishoni. Nyakati anaandika kwa watu waliokwisha kurudi, wanaotaka kujua kama Mungu bado anampokea anayetubu. Waache waseme wote wawili.

## Hatua ya 7: Andika ukurasa mmoja wa mfalme mmoja

Chukua Hezekia kwanza, kwa kuwa ana habari nyingi: 2 Fal 18-20, 2 Nya 29-32, Isaya 36-39, pamoja na maandishi ya Senakeribu mwenyewe juu ya bomba la udongo lenye pande sita, lililopatikana Ninawi mwaka 1830 na sasa liko British Museum.

Weka maelezo mawili ubavu kwa ubavu. Senakeribu anasema alitwaa miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Biblia inakubali kwamba miji yenye maboma ilitwaliwa (2 Fal 18:13). Dhahabu ya kodi ni talanta 30 pande zote mbili. Fedha ni 300 katika Biblia na 800 kwa Senakeribu. Na hakuna popote Senakeribu anaposema aliingia Yerusalemu. Katika jumba lake la Ninawi alichonga ukutani kutekwa kwa Lakishi, mji wa pili. Mfalme wa namna ile angekuwa ameutwaa mji mkuu, asingetundika picha ya ule mdogo.

Kisha angalia mpangilio wa wakati. 2 Fal 19:36-37 inasema Senakeribu alirudi Ninawi, akauawa na wanawe. Ukisoma haraka utadhani ni wiki ileile. Aliuawa 681 KK, miaka 20 baadaye. Sura ya 20 nayo inasimulia ugonjwa wa Hezekia baada ya vita, lakini katika 20:6 Mungu anaahidi kuuokoa mji na mkono wa mfalme wa Ashuru. Toa miaka 15 aliyoongezewa katika 29 ya utawala wake, unapata mwaka wa 14, mwaka uleule wa uvamizi. Aliugua adui akiwa bado mlangoni au yuko njiani. Soma sala yake ya 20:3 ukilijua hilo.

Usisahau maji. 2 Fal 20:20 inataja birika na mfereji. Mfereji wenyewe, wa mita 533 ndani ya mwamba, bado upo Yerusalemu na watu hupita ndani yake. Maandishi ya mafundi waliochimba kutoka pande mbili hadi wakasikiana sauti yaligunduliwa mwaka 1880, nayo yako Istanbul.

Ukurasa wako uwe na sehemu nne: alivyotambulishwa, tukio kuu, maandishi ya nje yanasema nini, na hukumu ya mwandishi pamoja na sababu yake. Umefaulu kama mtu ambaye hajawahi kusoma Wafalme anaweza kuusoma akaelewa, na kila sentensi ina mstari au jiwe nyuma yake.

Baada ya Hezekia mchukue Yosia, halafu Ahabu. Wafalme waliotawala muda mfupi kama Zekaria na Amoni waunganishe kwenye ukurasa mmoja.

## Yatakayobaki kwa penseli

Hezekia mwenyewe atakuachia fundo. Mwaka wake wa 14 ukiwa 701, alianza 715. Lakini 2 Fal 18:10 inasema Samaria ilianguka mwaka wake wa sita, na ilianguka 722, hivyo alianza karibu 728. Wengi husema alitawala kwanza pamoja na baba yake Ahazi. Wengine hudhani namba moja ilibadilika wakati wa kunakili. Andika yote mawili.

Peka ni mgumu zaidi. Amepewa miaka 20 kuanzia mwaka wa 52 wa Azaria (2 Fal 15:27), na miaka hiyo haienei kabla Samaria haijaanguka. Kuna wanaosema alihesabu tangu alipoanza kujitawala ng'ambo ya Yordani, wakati Menahemu yuko Samaria, na wanaonyesha wale Wagileadi hamsini aliokuja nao kumwua Pekahia (15:25). Fungua mstari huo, uweke kando ya 15:30 na 15:33 kuhusu Yothamu, na ufanye hesabu kwa mkono wako kabla ya kusoma suluhisho la mtu yeyote.